Reli Zilizolala Zisigawanywe Viwanja

Katika nchi hii yetu hakuna neno linalompatia kiongozi makofi kwa urahisi kama neno lami. Mbunge akisimama jukwaani na kutangaza kwamba barabara ya kijiji imepata mwanakandarasi, akina mama hupiga vigelegele na wazee huitikia kwa vichwa. Nami siwalaumu hata kidogo. Aliyewahi kumsukuma mgonjwa kwenye mkokoteni wakati wa masika, matope yakimfika magotini, anaijua thamani ya lami kuliko mwandishi aketiye mjini akipiga chapa makala.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo huwa halitajwi siku ya kuzindua barabara. Lami ikiingia, baiskeli hutoka. Ile njia ya murram aliyoipita mwalimu asubuhi akienda shuleni, akaipita mchuuzi wa maziwa na mitungi yake miwili, na kijana mwenye gunia la mkaa nyuma ya Black Mamba, hugeuka kwa muda wa miezi michache kuwa uwanja wa matatu na malori. Mwenye baiskeli husukumwa kwanza hadi ukingoni, kisha hadi mtaroni, na mwishowe hadi nyumbani kwake. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali za barabarani mwaka wa 2023, na zaidi ya 4,000 wengine mwaka wa 2024. Kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hao ndio jamaa wa karibu wa mwendesha baiskeli, kwani wanatumia ukingo uleule na kukabiliwa na hatari ileile.

Si kwamba serikali zetu hazijui. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera nzima kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli, sera iliyoandikwa vizuri na yenye nia njema. Miaka saba baadaye, 2022, ikafunguliwa barabara kuu ya juu kwa juu, ile Expressway, ambayo mwenye baiskeli haruhusiwi kuikanyaga. Msomaji na aamue mwenyewe ni lipi kati ya hayo mawili lililopata fedha.

Sipendekezi lami ing'olewe. Ninachopendekeza ni kwamba, kando na barabara za magari, tuhifadhi njia za aina nyingine: njia za changarawe zilizoshindiliwa vyema, ambazo gari haliruhusiwi kamwe, zipitazo mashambani na penye athari za historia yetu, ziwe za baiskeli na za miguu tu. Njia hizo hazihitaji kubuniwa upya, kwa sababu zilikwisha kuchongwa zamani, vilima vikakatwa na mito ikajengewa madaraja. Nazungumzia reli zetu zilizolala. Na sababu ya kuandika sasa ni kwamba kila mwaka unaopita, ardhi hiyo inazidi kumegwa.

Najua wapo watakaocheka na kusema hizi ni ndoto za Wazungu wenye baiskeli za bei ya shamba. Vyema. Basi na tuanze huko huko kwa Wazungu, tena kwa taifa lililoliabudu gari kuliko mataifa yote, tuone ilikuwaje wao wenyewe wakaamua kuzinyima gari baadhi ya njia zao.

Kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani, hadi mji mdogo wa Cumberland katika jimbo la Maryland, kuna njia ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita 297 ifuatayo ukingo wa mto Potomac. Haikutengenezewa baiskeli. Ilikuwa njia ya nyumbu, na ninamaanisha wale wazaliwa wa farasi na punda, si hawa wetu wanaovuka mto Mara. Nyumbu hao walikokota mashua zilizoelea katika mfereji ulioitwa Chesapeake and Ohio. Ujenzi wake ulianza tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams akishika sepetu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa bahati mbaya ya wenye mfereji, siku iyo hiyo kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio nayo ilizindua kazi yake, na garimoshi likafika Cumberland mwaka wa 1842. Mfereji ulifika huko 1850, baada ya miaka 22 ya jasho. Ulizaliwa ukiwa mzee.

Walioumia kwa kuuchimba hawakuwa marais. Walikuwa vibarua, wengi wao kutoka Ireland, na mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia kambini mwao kikawafyeka. Mahali paitwapo Paw Paw walitoboa mlima kwa takriban mita 950 ili mashua zipite ndani ya giza. Ajaye leo na baiskeli huingia humo akiwa ameshika taa, maji yakimdondokea kutoka kwenye matofali, akasikia pumzi zake mwenyewe. Mbele zaidi, ng'ambo ya mto, upo mji wa Harpers Ferry, ambako John Brown na wenzake walivamia ghala la silaha mwaka wa 1859 kwa nia ya kuwakomboa watumwa, akanyongwa kwa ajili ya hilo. Njia ikiendelea kuelekea Washington inavuka mto Monocacy juu ya daraja la mawe lenye matao saba, lililobeba mfereji wenyewe pamoja na mashua zake. Majeshi ya Kusini yalijaribu kulilipua mwaka wa 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, yakashindwa. Mtu akiipita njia hii kwa gari, kama ingekuwa barabara ya gari, angeona miti na vibao. Akiipita kwa mwendo wa baiskeli, anasoma historia ya nchi nzima jiwe kwa jiwe, akipumzika penye nyumba za mawe walimoishi wafungua malango ya maji.

Lakini nisimpeleke msomaji utalii, kwani kiini cha habari hii ni siasa. Mafuriko ya mwaka wa 1924 yaliuvunja mfereji ule, na hapo biashara ikakoma. Mwaka wa 1938 serikali ya Marekani ikaununua kwa dola milioni mbili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nchi ikiwa imelewa magari, likazuka pendekezo la kujenga juu yake barabara ya magari, wenye gari wapate kupunga upepo kando ya mto. Tarehe 3 Januari 1954, gazeti la Washington Post likachapisha tahariri ya kuliunga mkono pendekezo hilo.

Mmoja wa wasomaji wa tahariri ile alikuwa William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu. Aliliandikia gazeti barua, ikachapishwa tarehe 19 mwezi huo huo, akimwalika mwandishi wa tahariri afuatane naye kwa miguu mfereji wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo aandike tena. Wahariri wakaukubali mwaliko. Mnamo tarehe 20 Machi msafara uliondoka Cumberland ukiwa na makumi ya watu, ukatembea siku nane, na waliotembea safari nzima pasipo kupanda chombo walikuwa tisa tu, jaji mwenyewe akiwemo. Gazeti likabadili msimamo wake kuhusu barabara ile. Ninawaomba wahariri wangu waisome aya hii mara mbili.

Ushindi haukuja siku ile. Mwaka wa 1961 Rais Eisenhower aliutangaza mfereji kuwa mnara wa taifa, na sheria ya kuufanya hifadhi kamili ya kihistoria ikatiwa sahihi Januari 1971. Ni miaka 17 tangu jaji afunge viatu vyake. Tangu 2013 njia hii imeunganishwa na nyingine ya kilomita 240 hivi iliyowekwa juu ya reli za zamani, inayovuka milima hadi mji wa viwanda wa Pittsburgh. Leo mtu anaweza kuendesha baiskeli takriban kilomita 540, siku baada ya siku, mbali na kelele za magari.

Watu huisimulia hadithi hii kana kwamba ni hadithi ya jaji mwenye miguu imara. Mimi naiona vingine. Douglas aliweza kuutetea mfereji kwa sababu ulikuwa bado mzima. Laiti serikali ingekuwa imeukata vipande miaka ile ya thelathini, ikampa mkulima huyu ekari tatu na mfanyabiashara yule ekari kumi, mwaka wa 1954 kusingekuwa na kitu cha kutembelea. Ukanda mrefu wa ardhi ni kama kamba ya ndoo kisimani, kwa kuwa ikikatika mahali pamoja tu, urefu uliobaki haumpi mtu maji.

Jambo hili Wamarekani walilielewa vyema walipoanza kupoteza reli zao. Kampuni nyingi zilifunga njia za matawi katika karne iliyopita, na kila njia ilipofungwa, ukanda wake ulisambaratika miongoni mwa majirani. Mwaka wa 1983 Bunge lao likarekebisha sheria ya njia za taifa na kuingiza kifungu ambacho ningependa mawakili wetu wakichunguze. Kampuni ya reli ikitaka kuiacha njia, jimbo, mji au chama cha kiraia chaweza kujitokeza na kusema: tupeni sisi tuitunze. Reli inang'olewa, changarawe inamwagwa, watu wanapita kwa miguu na baiskeli. Lakini mbele ya sheria njia ile haijafa. Imewekwa akiba, mithili ya fedha benkini, na siku garimoshi likihitajika tena ukanda upo, haujakatika.

Kifungu hicho ndicho kilichozaa njia ya Katy katika jimbo la Missouri, ambayo kwangu ni mfano bora kuliko ule wa mfereji, ingawa haina jaji wala rais. Garimoshi liliacha kuipita mwaka wa 1986 baada ya mafuriko. Jimbo likautwaa ukanda, tajiri mmoja, Edward Jones, na mkewe wakatoa fedha nyingi za kuununua na kuutengeneza, na kipande cha kwanza kikafunguliwa 1990 katika kijiji cha Rocheport. Leo ni takriban kilomita 385 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, nyingi zikifuata mto Missouri ambao Lewis na Clark waliupanda kwa mashua mwaka wa 1804. Inapita vijiji vilivyoanzishwa na wahamiaji Wajerumani, mashamba ya zabibu na mahindi, na mji wa Sedalia alikoishi Scott Joplin, Mwamerika mweusi aliyeupa ulimwengu muziki wa ragtime. Vijiji ambavyo garimoshi liliviacha bila mgeni vikapata wageni wa kula, kulala na kuziba pancha.

Hata hivyo, nisiifiche upande wake mchungu. Wakulima wengi kando ya njia ile waliipinga kwa nguvu zao zote. Walisema mababu zao waliipa kampuni haki ya kupitisha garimoshi, basi. Garimoshi likiondoka, ardhi irudi kwa wenyewe. Hoja hiyo ilifikishwa na familia moja ya jimbo la Vermont hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 1990 iliamua kwamba sheria ile ni halali, ila mwenye ardhi aliyenyang'anywa haki yake anaweza kudai fidia. Uamuzi huo naona ni wa haki. Mkulima aliyetoa ruhusa ya reli hakutoa ruhusa ya baiskeli, na taifa likiitaka ardhi hiyo kwa manufaa ya wote, na limlipe.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna nafuu ambayo watu wa Missouri hawakuwa nayo, kwani ardhi ya reli zetu ni mali ya umma iliyo chini ya Shirika la Reli. Hatuna haja ya tajiri wa kutununulia ukanda. Tunachohitaji ni kutouibia. Kuhusu hilo rekodi yetu haipendezi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na mashirika ya serikali, likiwemo lile la reli, hayakunusurika. Ama vyuma, hivyo navyo vina wateja wake. Wizi wa mali ya umma ulizidi hata mwaka wa 2022 serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda wa miezi kadhaa. Mataruma hugeuka kuni, reli hugeuka nondo, na ukanda hugeuka viwanja vya hamsini kwa mia.

Nitatoa mfano mmoja tu, kwa kuwa naupenda na kwa kuwa ninaamini ndio ungefaa kuanza nao, nao ni reli ya kutoka Voi hadi Taveta.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya katani wala abiria. Ilijengwa kwa ajili ya vita. Mwaka wa 1915 Waingereza walianza kuitandaza kutoka Voi kuelekea magharibi ili kupeleka askari, maji na mizinga dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameuteka mji wa Taveta. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wamewasili walikishambulia kilima cha Salaita wakidhani watakitwaa kabla ya chakula cha mchana. Waliwakuta askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani wakiwasubiri, wakatimuliwa. Mwezi uliofuata vita vikahamia vilima vya Latema na Reata, Taveta ikatwaliwa, na reli ikasukumwa mbele hadi ikaungana na ile ya Moshi. Makaburi ya askari yapo hadi leo, yametunzwa, majani yamekatwa, majina yamechongwa. Wale wapagazi waliobeba mizigo kichwani, vijana wa Kiafrika walioandikwa kwa maelfu katika kikosi cha Carrier Corps, ambacho jina lake limebaki katika masoko ya Kariokor na Kariakoo, wengi wao hawana hata jiwe moja. Ukanda huu wa reli ndio kumbukumbu yao ndefu kuliko zote, nao haujaandikwa jina la mtu.

Ukitoka Voi, reli inafuata mguu wa milima ya Taita, inapita Mwatate penye mashamba makubwa ya katani, inapita Bura, inafika Maktau. Ni nchi pana, wekundu wa udongo wake ukipambana na kijani cha milima. Kwa miaka mingi sasa garimoshi la abiria halijapita huko. Kando yake imejengwa barabara nzuri ya lami, nayo imefanya kama nilivyokwisha kueleza. Malori ya kuelekea mpaka wa Holili yana mwendo wa kutisha, na mtoto wa shule mwenye baiskeli hana pa kupita isipokuwa kwenye kokoto za ukingoni.

Kutoka Maktau kuelekea Taveta reli inakatiza Mbuga ya Tsavo Magharibi. Huko, ndugu msomaji, sitamshauri mtu yeyote apite peke yake na baiskeli, maana tembo hawaisomi sheria ya Marekani. Kwa hiyo ninazungumzia kwanza kipande cha Voi hadi Maktau, na ndani yake, kama fedha ni chache, kipande cha Voi hadi Mwatate, ambacho hakizidi kilomita 30. Vibarua wa mashamba ya katani wangekitumia. Wanafunzi wangekitumia. Akina mama wa soko la Mwatate wangekitumia. Mgeni kutoka Nairobi au Ulaya angekuja baadaye, na fedha zake zingekaribishwa, ila njia isijengwe kwa ajili yake.

Nasisitiza hilo kwa sababu mchezo wa baiskeli za changarawe umeanza kupata jina hapa kwetu, na majina huvutia wafadhili. Tangu 2021 kumekuwa na mashindano ya siku kadhaa katika maeneo ya Maasai Mara yanayowaleta waendeshaji wa kimataifa. Marehemu Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret aliyewaongoza wenzake kuingia katika uwanja huo, alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya aina hiyo huko Vermont, na taifa halijampata mwingine wa kuijaza nafasi yake. Kabla yake, David Kinjah alikuwa akiwafunza vijana kwenye njia za murram za Kikuyu, na mmoja wa wanafunzi wake, Chris Froome, akaenda kushinda Tour de France mara nne chini ya bendera ya Uingereza. Murram yetu, basi, imekwisha kuzaa mabingwa bila msaada wa mtu. Ninachokitetea mimi si mabingwa. Ni yule mzee anayetaka kwenda kumwona daktari Voi bila kurudi ndani ya jeneza.

Wapo watakaouliza kama Mkenya anaweza kuachiwa njia isiyo na gari na ikabaki bila gari. Jawabu lipo Nairobi kwenyewe. Msitu wa Karura ulikuwa umeanza kukatwa viwanja vya matajiri, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti langoni walipigwa na wahuni hadi damu. Leo katika msitu uo huo zipo njia za udongo na changarawe ambamo watoto hujifunza baiskeli, karibu na mapango yanayosemekana kuwa walijificha humo wapiganaji wa Mau Mau. Karura hauna tofauti na Potomac katika jambo hili, kwani ardhi iliokolewa kwanza, nzima nzima, na baiskeli zikaja baadaye.

Upinzani wa dhati, kwa maoni yangu, ni wa aina tatu. Wa kwanza unatoka kwa wale wanaotaka garimoshi lirudi Taveta. Nami nalitaka. Reli kadhaa zilizokuwa zimekufa zimefufuliwa miaka hii, ile ya Nanyuki mnamo 2020 ikiwa mojawapo, na biashara ya mpakani inaweza kuidai hii nayo. Lakini garimoshi halitarudi juu ya viwanja vya watu. Kuwapa waendesha baiskeli ukanda ni kuwaweka walinzi wa bure, wanaopita kila siku na kuona nani amechomeka kigingi usiku. Na ikiwa vyuma vyenyewe bado vinatakikana, visiguswe, changarawe imwagwe kando yake, ndani ya hifadhi ile ile.

Wa pili ni wa watu walioishi ndani ya hifadhi ya reli kwa miaka na miaka, wakilima na kuchuuza. Hapa nina hofu ya kweli. Katika nchi hii neno maendeleo likitajwa, tingatinga huwa haliko mbali. Ikiwa njia ya baiskeli itakuwa kisingizio cha kumbomolea mama kibanda chake cha mboga, heri isijengwe. Ukanda ni mpana, na njia yenyewe haihitaji zaidi ya mita tatu. Mwenye kibanda anaweza kusogezwa hatua chache, na wateja wakapita mbele yake. Anayestahili kuulizwa maswali makali ni mwenye hatimiliki aliyoipata ofisini, si mwenye sukuma.

Wa tatu ni pikipiki. Siku njia itakapofunguliwa, wana bodaboda watakuwa wa kwanza kuijaribu, na nani atawazuia? Jina lenyewe la boda boda lilitokana na vijana wa Busia waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli, na pikipiki ikalirithi jina pamoja na wateja. Nguzo za chuma penye kila njia panda husaidia, lakini nguzo huibwa. Sioni dawa nyingine ila wenyeji wenyewe, kupitia vyama vyao, kupewa mamlaka ya kuilinda njia na sehemu ya mapato yake ikiwa yapo. Hilo ni gumu, na linahitaji kujaribiwa mahali padogo kwanza. Ndiyo maana nasema Voi hadi Mwatate.

Ninaloliomba Bunge ni dogo. Katika Sheria ya Shirika la Reli kiingizwe kifungu kisemacho kwamba njia yoyote iliyoacha kutumika, ardhi yake haitauzwa, haitakodishwa wala kugawanywa vipande, na kwamba kaunti inayopitiwa inaweza kukabidhiwa ukanda huo kwa ajili ya miguu na baiskeli hadi siku garimoshi litakapohitajika. Kabla ya hapo, kila hatua ya ukanda ipimwe na ramani ziwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuzitazama bila kumjua mtu ofisini. Kaunti ya Taita Taveta ingeweza kuanza kuomba hata kabla ya sheria.

Nami, kwa kumwiga jaji yule, ninawaalika wanachama wa kamati ya uchukuzi ya Bunge tukutane kituo cha Voi asubuhi moja kabla ya mvua za vuli, tuifuate reli hadi Mwatate, kwa miguu pale penye vichaka na kwa baiskeli pale panapopitika. Baiskeli nitazitafuta mimi. Wao walete maji ya kunywa, na mpima ardhi mmoja.